Fundo la Tisa

Mwezi wa sita niliteka maji kwa mafundo matatu ya kamba.
Nane Nane yakawa matano.
Leo, Oktoba inaingia, nashusha fundo la tisa
na ndoo inarudi na tope, chura mmoja,
na ile sauti ya bati linalokwangua mwamba.

Kiloleni yote imegeuka rangi ya tofali.
Upepo unazoa vumbi la relini
unalimwaga juu ya chainizi zangu
kama mpishi aliyegombana na mumewe.

Nyanya je?
Kwa mbali ni nyanya.
Pasua moja: kantangaze kajenga humo,
ana vyumba, ana ukumbi, ana mlango wa uani,
na kodi halipi.
Nilipuliza dawa aliyoniuzia Masele wa duka la pembejeo,
nikanyunyiza majivu, nikapuliza maji ya mwarobaini na pilipili
mpaka aliyekohoa nikawa mimi.
Yeye alinenepa.
Jumamosi niling'oa mashina arobaini na mawili, nikayachoma.
Nilihesabu, ndiyo.
Anayezika huhesabu.

Lakini bamia! Bamia hazijaambiwa kwamba ni kiangazi.
Zisahau siku mbili, zimekuwa pembe za mbuzi,
kisu kinateleza, labda msumeno.
Na nyanya chungu zimejazana, sado tatu kwa wiki,
ila sokoni Kachoma bei imelala chini
kwa sababu kila mama kaja na sado zake tatu.
Bustani ndivyo ilivyo:
inakujaza mikono siku ambayo hakuna anayenyoosha wake.
Majani ya kunde nimeyaanika juu ya bati.
Yatakuwa nsansa, ya kula mvua zikianza
na mboga mpya bado zinatambaa.

Sasa kitalu.
Beseni lililotoboka, samadi ya mwaka jana,
nyasi kavu juu yake, shuka ya mgonjwa.
Kabichi, biringanya, na nyanya.
Nyanya tena, usinicheke,
mtu hafungi jiko kwa sababu aliungua mara moja.
Miche inataka kikombe asubuhi, kikombe jioni,
na kisima chetu ni cha nyumba mbili.

Hapo ndipo lilipofungwa fundo jingine, lisilo la kamba.
Nyanzala wa upande wa pili wa ua, na mchicha wake mbichi,
mbichi mno kwa mtu anayeapa anateka ndoo mbili tu.
Wiki tatu tulisalimiana kwa midomo.
"Mwangaluka."
"Mwangaluka."
Basi.

Usiku wa jana niliamka saa tisa
niwahi maji kabla hajayawahi.
Pekupeku, ndoo nimeivika kanga isipige kelele.
Kisimani nikakuta mtu ameinama.
Ndoo yake imevikwa sweta la mtoto.

Hatukusema kitu.
Ungesema nini?
Treni ya mizigo ilikuwa inatoka kwenda Kigoma, ndefu,
tukaisikiliza mpaka behewa la mwisho
kana kwamba yenyewe ndiyo yenye neno.
Kisha akaishika kamba mbele, nikaishika nyuma.
Ndoo moja yangu, moja yake, moja yangu.
Ya tano ilikuwa tope tupu.
Tukaigawana vilevile.

Asubuhi, juu ya ua, kipande cha gazeti:
mbegu za nyanya zimekaukia katikati ya matangazo ya vifo,
zile nyanya ndogo za kienyeji, chachu,
ambazo kantangaze ama hazipendi ama hajazisikia.
Sikuuliza zimetoka wapi.
Nilimpelekea bamia zilizokomaa kupita kiasi, akapukuchue mbegu.

Magharibi kuna wingu.
Jana lilikuwapo, juzi pia,
linasimama palepale kama mtu unayemdai:
unamwona, hakufikii.
Nimeimwagilia miche kikombe kimoja kimoja
kisha nikakaa kizingitini
nikafunga fundo la kumi,
endapo.