Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Kigari changu cha waya kiliundwa kubeba watu kumi na wawili,
na kwa kuwa kina umri kunizidi, mimi hupakia wanane.
Kutoka ukingo wa Kvirila hadi mtaa wa wachimbaji, juu ya genge,
ni dakika sita; saba, upepo ukinuna.
Chini ya benchi nimeweka kreti ya soda,
na ndani ya kreti, riwaya.

Sikuomba ruhusa. Meneja, Bwana Jumberi,
aliuliza mara moja: "Nanuli, hivi ni vya nini?"
Nikamwambia ni uzito, kigari kisiyumbe.
Hakuuliza tena. Wala sikumdanganya.

Wanangu wa mtaa wa juu, dakika sita hazitoshi hotuba.
Wewe mwenye kikohozi, chukua hii ya mwoka mikate
aliyeficha wakimbizi saba ndani ya tanuri baridi;
ukifika ukurasa wa tatu njaa itakuvamia.
Wewe unayejifanya hupendi kusoma, shika hii nyembamba:
mwizi anaiba saa ya mnara, mji mzima unachelewa,
hata kifo kinachelewa.
Ile nene iacheni. Ile ni ya mtu aliyekwisha kuachwa
angalau mara moja. Mtaifikia, msiikimbilie.

Tsotne alikuwa na miaka kumi na mitatu, masikio mekundu.
Nilimpa ile niipendayo kuliko zote,
ya farasi wa posta na binti anayepeleka barua
ng'ambo ya mlima, vita vikiwaka.
Nilimpa kama mtu anavyotoa ufunguo wa nyumba yake.
"Ikikuchosha," nikasema, "usiniambie."

Aliirudisha baada ya wiki mbili, hakunitazama.
Usiku nikaipekua. Ulikuwa umeng'olewa
ukurasa wa mia na kumi na mbili,
safi, kama jino la utotoni.

Nilikasirika, nakiri. Nilimsema asubuhi
mbele ya abiria, hewani, pasipo pa kukimbilia.
Alisubiri nimalize.
"Pale farasi anakufa," akasema.
"Barbare ndiye anayefuata kuisoma.
Na mwaka huu, mama Nanuli, amezika vya kutosha."
Akautoa mfukoni, umekunjwa mara nne, akanipa.
Waya ulilia juu yetu. Mimi sikupata neno.

Barbare alipanda peke yake, siku ya theluji ya kwanza,
miguu yake haigusi sakafu.
"Kuna ukurasa umepotea. Unaujua?"
Nimeuhifadhi wote, hata herufi iliyokosewa mstari wa tisa.
Ulikuwa ndani ya koti langu, upande wa kushoto.
Nikatazama mto. Nikatazama paa la kituo likitujia.
"Umenitoka," nikasema. "Wewe unadhani kulitokea nini?"
Hakujibu hadi mlango ulipofunguka.

Jumatatu akaleta kitabu. Pale penye pengo
amebandika, kwa uji wa unga, karatasi ya daftari la hesabu,
miraba ya buluu, penseli, herufi zinazopanda mlima:
farasi anachechemea, anakunywa maji,
kisha anamwambia binti (farasi wake huongea, na kwa nini asiongee?)
"Tangulia. Nitakukuta mbele."
Na ukurasa unaofuata, ule wa kiwandani,
binti anavuka peke yake, kwa miguu, akilia.
Inashikana. Sijui vipi, lakini inashikana.

Nakala hiyo ndiyo ninayoazimisha.
Mtaa wote wa juu unaamini yule farasi yuko njiani.
Ila akitokea mmoja, amekomaa kidogo,
akaniuliza mbona karatasi ile ina miraba,
namngoja abiria wa mwisho ashuke,
kisha naingiza mkono ndani ya koti.

Mpaka leo wamekuja watatu.
Wa tatu alikuwa Barbare, ana kimo cha kaka yake sasa.
Aliusoma amesimama, akaukunja mara nne
kwa mikunjo ileile, akanirudishia.
"Haya," akasema. "Nipe ile nene."