Kabla ya Kuwasha Seva ya Barua Pepe

Ndahani, usiguse swichi kwanza.
Kaa. Andika.
Umeme wa Nkuhungu ukikatika saa nane usiku,
betri itabeba dakika ngapi?
Anwani yetu ni ya kudumu, au ya kupanga
kama chumba cha Kizota, kila mwezi mlango mwingine?
Na jina: likiulizwa kinyumenyume,
litaitika lilelile?

Vumbi la Septemba huingia hata kwenye soda iliyofungwa.
Funika mashine.
Nakala za barua zikae Hombolo, kwa dada yako,
si juu ya kabati hilohilo.

Umemaliza?
Bado swali moja, hukuliachia mstari:
wewe ukiugua,
nani atajua imekwama
barua ya Mbeleje, mkulima wa zabibu,
anayeuliza tu, "Ile ya jana mliipata?"