Daftari la Karavani

Chini ya sinki, penye sabuni na kopo la grisi,
nimelikuta daftari la baba,
jalada limevimba kwa unyevu wa ziwa.
Mwandiko ule ule wa karani wa kiwanda cha pamba:
"Juni 7. Magurudumu yamezungushwa robo.
Betri imeshushwa, imelala jikoni juu ya ubao.
Panya: hakuna."

Miaka kumi na tisa ya kurasa, na safari nne tu.
Ndabaka mara mbili. Musoma. Na ile ya Bukoba
iliyoishia Geita, mama alipoumwa jino.
Siku nyingine zote ilisimama hapa Bwiru, nyuma ya mwamba,
juu ya magogo ya mninga,
chini ya bati alilolinunua kabla hajaezeka jiko letu.

Mama alisema: umeoa mke wa pili,
asiyepika wala kuzaa.
Baba alicheka, akaendelea
kupaka mafuta ya mgando kwenye mipira ya madirisha,
taratibu, kama anamwandaa mtoto kwenda kliniki.

Ng'ambo ya ukuta ilikuwepo ya mzee Shigela,
pacha wa yetu, zilishuka meli moja.
Yeye aliiegesha ufukweni ili ilione ziwa.
Ziwa nalo likaiona.
Wadudu wa ziwani waliingia kama moshi,
wakafia madirishani, wakawa unga.
Tairi zililalia upande mmoja
hadi zikapasuka bila kwenda popote.
Kila mwaka: "Tutaishughulikia Krismasi."
Sasa kuku wanataga palipokuwa na kitanda.

Watu husema gari huuawa na barabara.
Mimi nimeona lililouawa na kusimama.

Ukurasa wa mwisho, Februari:
"Upepo umepimwa. Tairi zote sawa."
Za gari alipima kila mwezi;
presha yake mwenyewe, hata mara moja.
Alidondoka hapo mlangoni, kitambaa mkononi,
nta haijakauka.

Nimekuja na dalali. Yuko nje,
anagonga bodi kwa kidole, anasikiliza
kama anayechagua tikiti maji.
"Dada, hii mbona kama mpya?
Ilikuwa inatumika kweli?"

Sijamjibu.
Nimeshika kalamu iliyofungwa kwa uzi,
nimeandika tarehe ya leo.
Magurudumu: robo.
Panya: hakuna.