Kaya Namba 217

Kila Septemba, Jumamosi ya pili,
Taasisi hufunga maabara, hufunga na majalada,
ikashuka hapa kwa mabasi mawili ya chuo kikuu:
kofia mpya zenye nembo,
suruali zenye mikunjo ya pasi ya jana usiku.
Sisi makedi tunajipanga kando ya ghala,
tunawasoma kabla hawajatusoma.
Yule atatoa bahashishi. Yule ataulaumu upepo.
Yule hajawahi kushika fimbo ila ya kuulia nyoka.

Mimi nimepewa Daktari Kawira.
Mfuko wake wa kukodi umefungwa kwa plasta.
Namwonyesha bendera ya shimo la kwanza,
huko mbali, kama leso iliyosahauliwa kambani.

Akapiga. Nyasi zikaruka, mpira ukabaki.
Akapiga tena. Ukabaki.
Nyuma yetu Profesa Mulinge akakohoa kikohozi cha cheo.
"Huo ni utafiti wa awali," Daktari akasema,
nao wote wakacheka.
Nikaandika: mbili.

Nilikuwa nimemjua kwa sauti.

Mwaka juzi, mwezi wa mvua,
aliketi kwangu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
viatu ameviacha mlangoni kwa heshima,
tableti magotini.
Sakafu yenu ni ya nini? Na ukuta?
Choo mnatumia na kaya ngapi?
Kazi yako? Nikasema, natembea.
Unatembea wapi? Kwenye nyasi za watu.
Akatafuta kisanduku cha kutia alama, hakukiona,
akaniweka kwenye *Mengineyo*.
Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayegusa kidonda:
jana mlikula mara ngapi?
Kwamboka alikuwa ameinamia jiko lisilo na moto.
Nikasema, mara mbili.

Alipotoka alibandika karatasi juu ya mlango: 217.
"Tutarudi na matokeo," akasema.
Mvua ikaila karatasi kuanzia pembeni,
saba ikatangulia kwenda.

Shimo la saba liko karibu na ukuta.
Ukisimama pale unayaona mabati yetu, kutu kwa kutu,
na moshi wa mtu anayekaanga mandazi.
Daktari akakaza miguu, akavuta pumzi,
na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mpira ukamtii,
ukaruka vizuri mno,
ukapita bendera, ukapita mikaratusi,
ukavuka ukuta.
*Paa!*
Mbwa akabweka. Mama mmoja akatukana kwa lugha ya kwao.
"Sampuli imepotea," akasema Lokwang wa takwimu,
hata hakutabasamu.

Akaomba mpira mwingine. Akauburuta hadi shimoni
kama mtoto asiyetaka shule.
Nami nilihesabu, ndiyo kazi yangu: tisa.
"Ngapi?" nikamuuliza,
kalamu juu ya kisanduku.
Akaangalia nyasi. Akaangalia wenzake,
Profesa akijipangusa jasho kwa taulo la mkopo.
"Tano," akasema, polepole.

Nikaandika tano.
Nikaiandika kwa mwandiko mzuri.

Mchana, hemani, walipeana vikombe.
Profesa alisema mengi juu ya jamii na ushirikiano,
sahani za pilau zikipita juu ya vichwa vyetu.
Daktari Kawira akapata mwavuli: mchezaji aliyepiga hatua.
Alinipa noti mia tano, akanitazama kidogo kuliko desturi.
"Tumewahi kuonana?"
"Hapa watu wengi hupita, Daktari," nikamjibu,
na huo haukuwa uongo.

Jioni nilizunguka ukuta, nikafika nyumbani.
Mwanangu Nyakundi akanikimbilia, mikono ameifumba.
"Baba, hili ni yai la ndege gani?"
Jeupe, vishimo vishimo, na ubavuni
nembo ya Taasisi: kitabu wazi, na mwenge.
Bati letu la nyuma limebonyea,
Kwamboka ameweka sufuria chini yake, kama mvua ingekuja.

Nikauchukua mpira.
Nikautafutia mahali juu ya mlango,
pale ambapo gundi bado haijatoka.