Katibu Amelalia Daftari

Picha ilinikuta kwenye semina ya saa mbili, Mlimani,
simu chini ya dawati, sauti nimeizima:
paka wa rangi ya majivu, tumbo juu ya daftari la madeni,
jicho moja limefumba, jingine linakuhoji.
Chini wameandika: LEO HAKOPESHWI MTU.
Nikacheka kwa pua. Dokta Kokusima akasikia.
"Bwana Ambakisye, tugawie hicho kichekesho.
Tukisome kama matini."

Tukakisoma.

Mmoja wa mbele, mwenye miwani na bidii,
alisema paka ni mtaji:
haufanyi kazi, unalala tu, na ukilala unazaa.
Mwingine akasema hapana, hiyo ni dola,
mikono laini, kucha zimo ndani,
na zikikaa ndani ndipo tunaziogopa zaidi.
Zamaradi akauliza mbona sote tunamwita bosi,
tumeshamvisha kitambi na ndevu,
ilhali Kiswahili kinasema amelala, basi,
hakijawahi kumchungulia mtu chini ya mkia.
"Na kama ana mimba? Kama hii ndiyo likizo yake ya uzazi?"
Darasa likavunjika mbavu.

Nami, nisije nikaachwa nyuma, nikaleta ngeli:
mkopeshaji, mkopaji, paka, wote A-WA,
sarufi imetukalisha benchi moja,
duka ndilo linalotupanga upya.
Nikataja kibarua, kile kikaratasi cha zamani
kilichommeza mtu hadi kikawa yeye.
Dokta akakiandika ubaoni, akapiga mstari.
Nilijiona mrefu.

Sikusema kwamba paka namjua.

Anaitwa Katibu. Ni wa duka la Mangi Ngowi, Manzese Midizini,
karibu na mashine ya kusaga, pale mtaro unapokata kona.
Hulalia daftari kwa sababu daftari hukaa juu ya friji ya soda
na friji ile ina joto kama mtoto mwenye homa.
Hiyo ndiyo nadharia yake yote.

Usiku, kitandani Mabibo, nikaivuta picha kwa vidole viwili.
Ikavimba, ikaanza kupasuka vidoadoa,
na pembeni ya mkia nikasoma mwandiko wa Mangi,
unaoegemea upande kama mtu aliyechoka:
Mama Ambakisye. Unga nusu. Mafuta ya kupima. Sabuni kipande.
Kiasi hakionekani. Kuna mguu juu yake.

Watu elfu arobaini walikuwa wameshaicheka.
Mimi nilikuwa wa ngapi?

Nikampigia. Kumbe ameshaiona,
ilipita kwenye kikundi chao cha vikoba
naye akaisambaza kwa wanakwaya.
Anacheka, anakohoa, anacheka tena.
"Mama, jina lako limo."
"Nimeliona. Nani hajui kwamba nakopa?
Mangi mwenyewe anakopa Kariakoo."
Kisha sauti ikashuka:
"Ila umeona alivyoweka mguu? Palepale kwenye hela.
Yule paka kanisitiri, mwanangu. Binadamu angeusogeza."

Nikaitafuta sitara kwenye faharasa ya kitabu cha kozi.
Baada ya sera inakuja soko.
Katikati hamna kitu.

Jumamosi nikashuka Manzese na elfu tano iliyobaki kwenye bumu,
mkopo wangu wa chuo
kulipa mkopo wake wa unga.
Mangi akamnyanyua Katibu kwa mikono miwili, kama kreti,
akatafuta ukurasa, akakata mstari, akarudisha chenji ya pipi.
Katibu akangoja wino ukauke,
hakungoja sana,
akarudi kulala palepale, juu ya majina ya wengine.

Nilikuwa nimeshatoa simu.
Zamaradi alikuwa sahihi: tumbo lilikuwa linacheza.