Homa ya Novemba

Kila mwaka, Novemba ikianza kutulia,
naugua.
Alhamisi nakohoa mbele ya mashahidi,
Ijumaa naja kazini na skafu shingoni,
na Jumatatu, Kolkata ikijinyoosha ndani ya moshi wake,
barua yangu iko mezani kwa Bwana Sarkhel:
homa, siku tano, daktari kasema nisitoke.

Daktari ni shemeji yangu. Ni wa meno.

Usiku natandaza ratiba kitandani,
karatasi pana kama shuka la mtoto,
na kalamu nyekundu niliyotoka nayo ofisini.
Ya Kijojia saa nne asubuhi.
Ya Chile saa saba, ng'ambo ya mji,
na kati yao dakika arubaini na nane
wakati tramu yetu haina haraka na mtu,
hupita kama mjomba anayesalimia kila duka.
Basi metro. Nishuke Maidan, nikimbie.
Mama, kutoka jikoni:
"Mgonjwa gani huyu anayenunua betri za tochi?"

Tochi ni ya choo cha ukumbi wa tatu.
Mkate na yai ni wa foleni.
Machungwa mawili, moja la kula, moja la kuhongea kiti.
Na kofia ya sufu ya marehemu baba,
ile inayobakiza macho na pua,
kwa baridi, namwambia mama,
na mama ananitazama.

Mambo haya hayaandikwi kwenye ratiba:
kwamba Haradhan mlinzi hufungua lango la kushoto
dakika mbili kabla ya la kulia
na hajawahi kusema kwa nini;
kwamba wanafunzi watabishana juu ya mwisho wa filamu
ambayo bado hawajaiona,
hadi chai ipoe, hadi vikombe vya udongo
vilivyotupwa vilie kacha kacha chini ya viatu vyetu
tunaposukumana kuingia.

Siku ya tatu. Filamu ya Kirigizi.
Mwanamke, theluji, mlango.
Kaka yake kaenda na farasi, hajarudi.
Nilikuwa nimeshasahau miguu yangu
mtu wa safu ya mbele alipogeuka:
"Tafadhali, magoti yako."
Kofia ya sufu. Macho na pua.
Pua ile naijua, huipumulia kila hundi ninayoandika.
Bwana Debabrata Sarkhel,
ambaye wiki hii yuko Asansol
akimzika shangazi yake,
wa tatu kwa hesabu za ofisi.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga.
Hawakusema wakikutana waongo wawili
nani ageuze uso kwanza.

Aligeuka yeye.
Kisha, bila kutazama nyuma,
mkono wake ukaja juu ya bega lake
na karatasi ya karanga.
Nikachota. Nikampa chungwa.
Theluji ikaendelea kuanguka.

Lakini treni ya mwisho haijui sanaa.
Saa tatu na robo nikainuka,
magoti ya watu yakinilaani safu nzima,
na kule mbele yule mwanamke
ndio kwanza ameshika komeo.
Aliufunga? Usiku kucha niliuliza dari.

Jumatatu iliyofuata, feni, mafaili, vumbi.
"Homa?"
"Imeshuka, bwana. Na shangazi?"
"Amepumzika."
Akaniwekea faili la madai mezani,
duka la magodoro, moto, Howrah,
akaenda zake akivuta pua.

Ndani, kati ya picha za magodoro yaliyoungua,
nusu ya tiketi, wino wa kijani,
mwandiko kama msafara wa sisimizi:

*Kaka hakurudi.
Mlango aliuacha wazi.*

Na pembeni, kwa mazoea tu nadhani,
muhuri wa idara:
Imepokelewa.