Saa Mbili

Waliponambia saa mbili, nilidhani saa mbili ya asubuhi.
Nikawahi. Alfajiri nimeshamwosha, nimeshamnywesha uji,
nimemfunga kanga kifuani asiteleze,
tukashika njia kutoka Limbani hadi Wete,
mimi na Shaame na kiti alichotuchongea Fundi Faki
kwa ubao wa mfenesi na magurudumu ya baiskeli mbili,
moja ya mkubwa, moja ya mtoto,
ndiyo maana twenda upogoupogo kama kaa.

Kumbe si saa ya kufika.
Ni saa za kupewa.
"Saa mbili, kila Jumatano," akasema Hamrati,
"mwache kwetu, wewe nenda."
Nikamuuliza: niende wapi?
Akacheka. Akaona sicheki. Akanyamaza.

Miaka kumi na moja hajatokea wa kuniuliza naenda wapi.
Wameniuliza anakula nini, analala vipi,
nilimcheka nani nilipokuwa na mimba yake,
nilivuka nini, usiku wa manane, bila kusema bismillahi.
Kombe tumekunywa. Jogoo mwekundu ametakwa, katolewa.
Na shingo ya Shaame ipo vilevile,
imeinama kama suke la mpunga.

Chumba kiko nyuma ya kituo cha afya,
zamani stoo ya vyandarua, harufu ya dawa haijatoka.
Mkeka. Mipira miwili, mmoja umenywea.
Kioo kirefu kilichopasuka pembeni.
Leo wamekuja watano tu, maana ni msimu,
mama wengine wako mikarafuuni, na pishi ni pishi.
Time, asiyesikia, ndiye wa kwanza kujua nani analia.
Ngwali wa mazoezi akavua viatu,
akamshika Shaame mabega taratibu,
kama fundi cherehani apimaye kanzu ya Idi.

Nikatoka.

Mikono ikanipwaya.
Wa kulia umezoea kusukuma, wa kushoto kupangusa udende;
nikaikunja, nikaikunjua, nikaitia ndani ya buibui.
Barabarani karafuu zimeanikwa hadi ukingo wa lami,
nikapita katikati ya majamvi bila kumwambia mtu "hebu tupishe".
Nikaingia mgahawani. Nikaagiza chai.
Ikaja ya moto.
Nyumbani chai yangu hupoa nikimlisha yeye,
nikainywa hii kwa pupa, ikaniunguza ulimi,
nikaona raha, kisha nikaona haya kwa ile raha.

"Na mwanao yuko wapi leo?" akauliza muuza maandazi.
Nikashtuka kama mtu aliyeacha jiko linawaka.
Sikumaliza chai. Nilikwenda mbio, mimi, na umri huu,
ndara moja mkononi.

Dirishani nikasimama.
Wamewekewa karafuu mbichi juu ya mkeka, wanachambua.
Ngwali kamshikia shingo. Mkono wa Shaame unakwenda,
unapotea njia, unarudi, unatetemeka juu ya kikonyo.
Nilikaribia kupiga kelele: msaidieni!
Hakuna aliyemsaidia.
Ikachomoka punje moja. Akaitia kwenye kopo la maziwa,
ikalia ti,
naye akacheka kicheko nisichokijua.
Hakunitafuta. Hata hakugeuka.

Wivu ukanipanda, nausema wala sifichi.
Wivu wa kopo.

"Zako bado hazijesha," Hamrati akanambia kutoka mlangoni,
"una nusu saa nzima."
Nikamwambia naitumia hapahapa.

Usiku nikamgeuza upande, saa sita, tena saa tisa, kama desturi.
Vidole vyake vikanukia karafuu,
vidole vya mtu aliyetoka kazini.
Baba yake akauliza gizani: "Huko wanalipa?"
Nikamwambia, lala.